Kabla ya Kuhesabu Spika

Kikao cha tatu cha kamati ya harusi ya mdogo wangu kilifanyika Jumapili jioni huko Sinza, na suala la muziki lilimalizwa ndani ya dakika tano. Mapambo tulikuwa tumeyajadili kwa karibu saa nzima, tukavutana kuhusu rangi ya vitambaa vya viti na aina ya maua ya meza kuu. Keki ilikuwa na kamati ndogo yake. Wapishi wawili waliitwa waje wajieleze mbele yetu, na mmoja wao alikuja na hotipoti ya pilau ili tuionje. Ilipofika zamu ya burudani, mjumbe mmoja alinyoosha mkono akasema anamfahamu kijana mwenye vyombo vizuri, spika nane pamoja na taa za kuzunguka, na kwamba bei yake haizidi laki tano. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Hapakuwa na mwenye neno. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ile, na katika daftari langu niliandika mstari mmoja tu: "DJ amepatikana, spika nane."

Siku ya harusi spika nane zilikuja kweli. Zilipangwa zote mbele, nne kila upande wa jukwaa la maharusi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi za umeme. Wazazi na wazee wa pande zote mbili hukalishwa mbele kwa heshima, kwa hiyo ndio waliokaa hatua tano tu kutoka kwenye spika za besi. Bibi yetu, aliyekuja kwa basi kutoka Korogwe siku moja kabla, aliziba sikio moja kwa kiganja na la pili kwa pindo la kanga, na kila aliyemwinamia kumuuliza kama yuko salama alijibiwa kwa kichwa, maana sauti yake haikuweza kusikika. Ilipofika saa tatu na nusu usiku alinyanyuka. Alikuwa ameandaa maneno ya kumuusia mjukuu wake, maneno ambayo mama anasema aliyarudiarudia chumbani tangu alfajiri, na zamu ya nasaha za wazee ilikuwa bado. Binamu yangu alimrudisha nyumbani kwa gari. Maneno yale aliyasema kesho yake sebuleni, mbele ya watu sita.

Sikumlaumu yule kijana wakati ule na simlaumu hata sasa. Alikodiwa kwa ajili ya spika nane, akaleta spika nane, akazipiga. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia kwamba kuna bibi, wala atakaa wapi, wala kwamba atazungumza. Tangu siku hiyo nimekaa kwenye kamati kumi na moja za harusi, za ndugu na za marafiki, na kila mara nimeomba nipewe muziki. Jambo ninalotaka kulieleza hapa ni lile nililojifunza katika kamati hizo: DJ wa sherehe ya familia huajiriwa kwa macho na masikio yake, na vyombo vinafuata baadaye, ilhali sisi tumezoea kuanza na vyombo na mara nyingi tunaishia hapohapo.

Mazoea hayo yana chanzo, nami nadhani nakifahamu. Wazazi wetu walipooana, muziki wa sherehe uliletwa na watu wenye ala mikononi. Aliyekuwa na uwezo alikodi bendi ya dansi au kikundi cha taarab. Dar es Salaam ilikuwa na bendi kama NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, na DDC Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978; Zanzibar ilikuwa na Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905. Mwimbaji aliwatazama watu machoni, akawaona waliochoka na waliochangamka, akashuka jukwaani kutunzwa. Disko lilipokuja, santuri na kanda zilikuwa adimu na vyombo vilikuwa ghali mno, hivyo mwenye navyo alikuwa mtu wa kutafutwa. Clouds FM yenyewe, redio ambayo kizazi changu kilikua kikiisikiliza, ilichipuka kutoka kwenye disko lililoitwa Mawingu. Katika enzi hiyo kuuliza "ana vyombo gani?" lilikuwa swali la maana. Leo maelfu ya nyimbo yanakaa kwenye kompyuta mpakato, spika zinakodishwa kwa siku katika mitaa ya Kariakoo, na karibu kila kijana mwenye ari anaweza kufika ukumbini na vyombo vya kutosha. Swali la zamani limebaki ingawa jibu lake halitenganishi tena mtu na mtu.

Kinachowatenganisha kinaonekana ukiisoma ratiba ya harusi zetu. Wageni huanza kuingia saa kumi na mbili jioni. Kamati huingia ikicheza, wakafuata wazazi, wasimamizi, kisha maharusi wenyewe. Hufunguliwa shampeni, hukatwa keki, maharusi hulishana na kuwalisha wazazi, ndugu hutambulishwa ukoo kwa ukoo, na kama kuna Wachaga huletwa ndafu kwa shangwe zake. Huliwa chakula, hutolewa nasaha, kisha zawadi. Muziki wa kucheza kwa uhuru, ule ambao wengi humpimia DJ, mara nyingi huanza saa nne na nusu au saa tano usiku, na ukumbi unatakiwa kufungwa saa sita. Maana yake ni kwamba kwa saa nne nzima kazi ya DJ ni kufungua kila kipengele kwa wimbo unaokifaa na kuushusha kwa wakati ili mshereheshaji azungumze. Bibi harusi akisimama mlangoni na wimbo usianze, sekunde kumi tu za ukimya huwa ndefu kwake kuliko safari yote ya kutoka saluni.

Zawadi peke yake ni mtihani. Wafanyakazi wenzake na bwana harusi wanapita, majirani wanapita, wanakwaya wanapita, mashangazi wanapita, kila kundi kwa mwendo wake wa kucheza. Vijana wa ofisini humaliza safari ya kutoka mlangoni hadi meza kuu kwa dakika moja. Mashangazi waliobeba kitanda na vyungu huweza kutumia dakika sita, na hawapaswi kuharakishwa kwa hata hatua moja. Nimewahi kuona DJ akikata wimbo na kuingiza wa kundi linalofuata wakati mama mmoja mwenye mguu mbovu, wa mwisho kwenye mstari wake, akiwa bado katikati ya ukumbi na bahasha mkononi. Alisimama, akatazama huku na huku, akarudi kukaa. Ilibidi dada yangu amfuate mezani.

Kwa sababu hiyo sichagui tena DJ kwa kusikiliza michanganyiko aliyoiweka mtandaoni. Mchanganyiko ule ameutengeneza chumbani kwake, hakuna mtu mbele yake, na unaonyesha ustadi wa kuunganisha nyimbo ambao katika harusi unahitajika kwa nusu saa ya mwisho. Ninachofanya ni kumuuliza atapiga wapi Jumamosi ijayo, kisha nawaomba wenye sherehe ruhusa ya kusimama nyuma kwa dakika arobaini. Watu hukubali, wengine hunisogezea kiti. Nikisimama pale, masikio nayaachia ukumbi na macho yangu nayaweka kwake. DJ mmoja niliyekwenda kumtazama Mbezi alikuwa na sifa kubwa mjini, na kwa robo saa yote ya utambulisho alikuwa ameinamia simu, akinyanyua kichwa pale tu mshereheshaji alipomwita kwa jina. Sikumrudia.

Mwingine nilimkuta kwenye harusi moja ya Tabata, na huyo ndiye aliyenifundisha mengi ninayoyaandika hapa. Baada ya chakula alipiga wimbo wa dansi wa zamani, na wanandoa wawili wazee wakainuka kutoka meza za nyuma. Nyimbo za aina ile zina sehemu mbili: kwanza mashairi yanayotembea polepole, ambapo watu hushikana na kusogea taratibu, kisha sehemu ya kasi inayoitwa chemko, ambapo magitaa huachiwa na miguu huamka. Nyingi zinafika dakika saba, nane au zaidi. Ma-DJ wengi wa rika langu hukata wimbo ukifika dakika mbili kwa kuhofia kuwachosha vijana, na hivyo huukata kabla ya kile ambacho wazee wamekisubiri. Huyu hakukata. Vijana walirudi kwenye viti vyao, ukumbi ukapungua, naye akauacha wimbo uendelee akiwatazama wale wazee wanne bila kugusa kitu chochote. Chemko lilipoingia, mzee mmoja alivua koti akamkabidhi mjukuu wake, na ndani ya dakika moja walikuwa watu arobaini pale kati. Nilichukua namba yake usiku ule.

Nilipompigia kuhusu harusi ya binti ya shangazi yangu, sikutajiwa bei. Aliniuliza ukumbi ni upi, una feni au kiyoyozi, dari lake ni la bati au la jipsamu, na wazee watakaa wapi. Kisha akaomba jina la mshereheshaji ili wakutane. Wale wawili walikaa pamoja siku nane kabla ya harusi wakiwa na ratiba mezani, wakakubaliana ishara za mkono: kidole kinachozungushwa, endelea, kiganja kinachoshuka, punguza, ngumi, kata. Hilo nimelifanya kuwa sharti katika kila kamati tangu hapo, kwa kuwa nimeshuhudia DJ hodari na mshereheshaji hodari wakiharibiana usiku mzima kwa kutojuana tu, mmoja akipandisha sauti wakati mwenzake anatamka jina la mgeni rasmi.

Asubuhi ya harusi alifika ukumbini saa mbili, wakati wapambaji bado wanafungua maboksi. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta akipiga makofi, moja moja, huku akitega sikio. Nilimuuliza anatafuta nini. "Dada, nasikiliza kofi linarudi baada ya muda gani," alisema. "Ukumbi huu una ukuta mgumu kule nyuma. Nikisukuma sauti yote kutoka mbele, itagonga kule irudi, na maneno ya mzee yatakuwa uji." Alizitoa spika mbili kubwa kwenye mpango wake, akaleta nne ndogo, akazipandisha kwenye stendi juu ya usawa wa vichwa na kuzitawanya pembeni mwa ukumbi, kila moja ikihudumia meza zilizo karibu nayo.

Sababu ya kufanya hivyo ni rahisi na kila kamati ingepaswa kuijua. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali wako na spika mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Ndani ya ukumbi haipungui kiasi hicho chote kwa kuwa kuta huirudisha, lakini kanuni ni ileile. Spika zikiwa zote mbele, ili meza ya mwisho isikie, meza ya kwanza lazima iumizwe. Zikitawanywa, kila moja inaweza kupigwa kwa sauti ya chini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Machi 2022 kuhusu kumbi za burudani, likaweka wastani wa desibeli 100 kuwa ukomo. Wataalamu wa afya kazini kwa upande wao huhesabu kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kwamba kila ongezeko la desibeli 3 linapunguza muda huo kwa nusu. Ukifika 100, muda uliobaki ni dakika 15. Sherehe zetu huchukua saa tano na zaidi, na katika meza za mbele huwa kuna vichanga vimelala mapajani mwa mama zao. Simu ya kawaida yenye programu ya kupima sauti haitoi kipimo cha maabara, ila inatosha kukuonyesha kwamba meza ya wazazi iko juu kuliko inavyostahili, nami huwa naipitisha pale mara mbili tatu kwa usiku.

Bibi alikuwepo kwenye harusi ile pia, amezeeka zaidi, amekaa meza ya pili. Kabla maharusi hawajaingia, DJ aliacha meza yake ya kazi, akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha bibi. "Shikamoo bibi. Sauti inakutosha au inakusumbua?" Bibi akasema inamsumbua upande wa kushoto. Akaenda akaigeuza spika ya upande ule kidogo, akarudi akauliza tena. Zamu ya nasaha ilipofika, muziki ulishuka wenyewe, bila mshereheshaji kuomba, na yule kijana alikuwa ameshaandaa maikrofoni yenye waya kwa sababu ile isiyo na waya ilikuwa ikikatika karibu na nguzo. Bibi alizungumza dakika saba. Aliimba mpaka beti mbili.

Kuna jambo la kwetu Pwani ambalo watu wa mjini hulisahau wanapopanga muziki, nalo ni sherehe za wanawake pekee. Kesha la hina la mtoto wa mama mdogo lilifanyika Tanga, Ngamiani, na DJ aliyepatikana alikuwa mwanamume. Mama mkubwa alisema hapana, wanawake wamevua mabaibui na wamejipamba, mwanamume haingii. Suluhisho likawa pazia: kijana akakaa varandani na vyombo vyake, nyaya zikapita chini ya mlango. Kila kilichofuata kilitokana na pazia lile. Katika taarab, mwanamke hainuki ovyo. Husubiri ubeti wenye fumbo lake, akainuka nao, akacheza kuelekea kwa anayemkusudia, akatunza. DJ asiyeona hawezi kujua kwamba wanawake sita wamesimama kwenye mstari wakisubiri kiitikio kirudi. Alibadilisha wimbo mara tatu katikati ya mambo hayo. Mtoto wa miaka tisa alitumwa awe anachungulia na kumpelekea habari, lakini habari zilifika zimechelewa. Kwa kesha la mdogo wake, miaka miwili baadaye, tulitafuta DJ wa kike. Wapo, na wanazidi kuongezeka, ingawa hulazimika kupangwa mapema zaidi kwa kuwa kila familia yenye msimamo kama wetu inawahitaji wao. Aliyekuja alikaa katikati ya wanawake amejifunga leso, akawa anacheka nao, na nyimbo zake zilijua nani amekasirikiwa na nani.

Orodha ya nyimbo huiandaa katika vikao viwili tofauti, kimoja na upande wa mwanamume na kingine na upande wa mwanamke, na huwa naanza na zisizotakiwa. Watu huona ajabu. Ila kila familia ina wimbo mmoja ambao haupaswi kusikika siku hiyo: uliimbwa msibani kwa baba, au unakumbusha uchumba uliovunjika, au una maneno ambayo mchungaji aliyekaa meza kuu hapaswi kuyasikia. Singeli naipenda, na ikifika saa tano usiku hakuna muziki unaoamsha vijana kuliko huo, lakini baadhi ya mistari yake ni mikali mno kwa mbele ya wakwe, na DJ makini huwa na matoleo yaliyosafishwa. Zinazotakiwa huja baadaye, na hapo ndoa za makabila mawili hudai kazi ya ziada. Tulipomwoza rafiki yangu Mzaramo kwa Mhaya wa Bukoba, mdundiko haukuwa tatizo, Dar es Salaam umejaa. Lakini upande wa bwana harusi walitaka kuingia kwa ngoma ya kwao, na iliyopatikana ilikuwa imerekodiwa kwa simu na shangazi kwenye sherehe ya kijijini, ikatumwa kwa WhatsApp. Rekodi ya simu haina besi, na ikipigwa kwenye spika kubwa inakwaruza. DJ alikaa nayo jioni mbili akiiondoa mikwaruzo na kuipa uzito. Kama ingeletwa kwake siku ya harusi saa kumi na moja jioni, kama inavyofanyika mara nyingi, ndugu wale wangeingia kwa wimbo wa watu wengine.

Ukumbi ukiwa karibu na msikiti, adhana ya isha iingizwe kwenye ratiba tangu mwanzo. Dar es Salaam huadhiniwa kati ya saa moja na nusu na saa mbili kasoro usiku, kutegemea mwezi, na huo ndio muda ambao maharusi hupangiwa kuingia. Nimeshuhudia maharusi wakisimama mlangoni katikati ya wimbo wao, muziki umezimwa ghafla, hakuna aliyewaandaa. Ingetosha kuwaingiza dakika kumi kabla, au kuwachelewesha wakiwa bado kwenye gari.

Umeme nao usiachiwe meneja wa ukumbi peke yake. Kuwepo kwa jenereta hakutoshi. Ulizeni inachukua sekunde ngapi kuwaka, na nani anaiwasha. Kompyuta ya DJ ina betri yake, lakini mikisa, kile kifaa cha kuchanganya sauti, na spika hazina, na umeme ukirudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapoungua. Mpambaji asichomeke taa zake kwenye waya mmoja na muziki, wala mpishi asichomeke vipasha chakula. Haya yanasemwa asubuhi, kabla ya wageni.

Nimalizie na mapatano, maana hapo niliwahi kuumia mwenyewe. Katika harusi moja ya kazini nilimsikiliza DJ, nikampenda, nikamlipa nusu ya malipo. Siku ya sherehe alifika kijana nisiyemfahamu, akasema ametumwa na kaka. Kaka alikuwa amechukua kazi mbili kwa usiku mmoja na kwenda kwenye ile yenye bei kubwa. Kijana alijitahidi, lakini hakuwa na ratiba, hakuwa na orodha zetu, hakuwahi kuonana na mshereheshaji. Yote tuliyoyapanga kwa wiki tatu yalikuwa kichwani mwa mtu aliyekuwa ukumbi mwingine. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila kuyathibitisha mbele ya mtu anayekana ni kazi nyingine. Sasa naandika ukurasa mmoja: jina la atakayesimama nyuma ya vyombo yeye mwenyewe, saa ya kufika na saa ya kumaliza, spika zitakavyowekwa, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na nini kitafanyika akiugua. Nimekutana na wawili waliokataa kusaini kipengele cha jina. Niliwashukuru, nikaendelea kutafuta.

Kwa upande wetu pia kuna deni. Fedha iliyobaki ilipwe usiku uleule kabla hajaanza kukunja nyaya, isisubiri kikao cha kuvunja kamati, kwa sababu ana gari la kulipia na vijana wa kubeba. Apelekewe chakula saa ileile wageni wanapokula, mezani pake, kwa sahani ya kufunikwa. Mtu anayetazama ukumbi kwa saa sita mfululizo hapaswi kuifanya kazi hiyo akiwa na njaa.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu kuniambia kwamba mtoto wa mjomba anaoa Desemba, na kwamba ukumbi una nafasi Jumamosi mbili zinazofuatana. Familia ilikuwa imeshachagua ile ya kwanza. Kamati ilikuwa haijaundwa, kadi hazijachapwa. Nilimpigia DJ yule wa Tabata kabla ya kufanya jambo lolote jingine, akaniambia Jumamosi ya kwanza ameshachukuliwa. Nikamrudishia mama habari. Alinyamaza kidogo.

"Ndiye yule aliyemchuchumalia bibi yako?"

"Ndiye, mama."

"Basi mwambie mjomba wako harusi ni Jumamosi ya pili."